Malkia kwenye shimizi

Umeuliza kama kweli picha ya Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, iliondolewa kwenye maonyesho kwa sababu alichorwa na nguo ya ndani. Ni kweli iliondolewa, ila haikuwa nguo ya ndani. Lilikuwa gauni jeupe la melimeli, yaani kitambaa cha pamba, jepesi, limefungwa utepe kiunoni, na kofia ya majani kichwani. Watu wa Paris mwaka 1783 waliona shimizi tu. Na kumbuka neno letu shimizi linafanana na lao la Kifaransa, chemise, kwa hiyo unaelewa walivyoshtuka!

Wengine walilalamika kwamba malkia anatangaza pamba ya kutoka nje huku wafumaji hariri wa Lyon, mji wa Ufaransa, wapo.

Mchoraji, Élisabeth Vigée Le Brun, alikuwa ndio kwanza ameingia Akademia ya Kifalme ya wasanii, ambako wanawake hawakuruhusiwa kuzidi wanne. Hakubishana. Akachora nyingine: malkia yule yule, waridi lile lile mkononi, safari hii hariri ya buluu-kijivu, lulu shingoni na lesi mikononi. Iko Versailles. Mimi bado naipenda ile ya kwanza.