Ni yako kweli, au umeruhusiwa tu?

Programu huria, ile ya kompyuta ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha, si ni ya wote? Mbona nasikia ina mwenyewe?

Ina wenyewe, tena wengi. Kwa kawaida kila alieandika kodi za programu (yale maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya), au mwajiri wake, anabaki na hakimiliki ya alichoandika, wewe unapewa ruhusa kupitia leseni. Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, aliianzisha Linus Torvalds 1991, mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni inayoitwa GPL, leo walioiandika ni maelfu na hakimiliki imegawanyika vipande vipande kati yao na waajiri wao, ndo maana hata Torvalds mwenyewe hawezi kuamka akasema sasa naifunga. Na hapa kwenye GPL ndo huwa napapenda sana: inachukua hakimiliki ileile inayotumika kufungia watu nje, inaigeuza iwe ya kuwaingiza ndani. Ukiibadilisha programu ukaigawa, lazima uliempa apate na kodi zake kwa masharti yaleyale uliyopewa wewe. Hakimiliki ikiondoka, hilo sharti halina meno.

Nimelipia kitabu cha kusoma kwenye simu. Si changu?

Mara nyingi sio, umelipia leseni ya kukisoma. Mwaka 2009 Amazon ilifuta riwaya mbili za George Orwell kwenye Kindle (kifaa chake cha kusomea vitabu) za watu waliokwishalipa, kwa sababu aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Hela walirudishiwa, sawa, ila hebu fikiria muuza vitabu anaingia chumbani kwako usiku anachomoa kitabu kwenye shelfu halafu anakuachia chenji mezani! Cha karatasi unaazimisha, unauza, unarithisha, humuombi mtu. Hiki huwezi, na kitufe bado kimeandikwa "nunua", mi hilo neno pale naona ni kuwadanganya watu.

Nyumba yenye hati je, hiyo si yangu asilimia mia?

Umiliki sio kitu kimoja, ni fungu la haki: kutumia, kuzuia wengine, kupangisha, kuuza, kurithisha. Ukiiweka rehani unaendelea kulala humo vizuri tu, ila kuuza bila benki kukubali ni shida. Jirani akiwa na haki ya njia kwenye kiwanja chako, anapita na hati unayo mkononi. Kwa hiyo ukitaka kujua una nini, uliza nani anaweza kukuzuia, na kwa lipi.

Nimeweka kodi zangu za programu mtandaoni bila leseni yoyote, watu wazitumie tu?

Hapana, kuziona sio kuruhusiwa. Kama unataka wazitumie, weka faili la leseni leo.