Kabla Hujapanda Basi la Kwenda Kuigiza Nairobi

Jumapili ndiyo siku yao ya kuja. Soko la Kibuye, hapa Kisumu, hujaa pomoni siku hiyo, nami huwa nimetandaza magauni ya mitumba juu ya turubai tangu saa kumi na mbili asubuhi. Msichana atasimama, atageuzageuza gauni asilo na nia ya kulinunua, kisha ataniuliza kwa sauti ya chini, "Auntie, si wewe ndiye yule mama wa kwa TV?" Nikiitikia, swali linalofuata nalijua. Anataka kuambiwa aanzie wapi.

Nimeigiza kwa miaka 19. Nimekuwa muuguzi, mke wa pili, mama wa mshukiwa, na yaya mara nyingi mno. Jina langu halijulikani na wengi, ila sura wanaikumbuka. Watoto wangu wawili wamesoma kwa pesa za uigizaji na za mitumba, na hakuna kazi hata moja niliyoifanya ambayo leo naona haya kuitazama nikiwa nimeketi nao. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka kulieleza hapa, kwa sababu halikuja lenyewe. Nimeweza kukataa mambo kwa kuwa nilikuwa na pa kurudi.

Hapa kwetu ukitaja uigizaji, mtu atakujibu kwa jina la Lupita Nyong'o. Ni wetu, na baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, alichaguliwa kuwa gavana wa Kisumu mwaka wa 2017. Alfajiri ile ya 2014 Lupita alipotwaa Oscar ya mwigizaji msaidizi nilikuwa macho, na nililia. Lakini wasichana huniambia habari za ile gauni ya samawati aliyoivaa usiku ule, hawaniambii habari za miaka iliyotangulia. Alipanda jukwaani Nairobi akiwa na miaka 14, akiigiza Juliet wa Shakespeare. Baadaye alifanya kazi za kutumwatumwa kwenye seti za filamu za kigeni, halafu akaenda kusomea uigizaji Yale, akahitimu 2012. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi na mitano ya kujifunza kabla ya usiku mmoja wa tuzo.

Mimi nilijifunzia kwenye matatu. Waliosoma sekondari Nyanza na Magharibi wanaijua kazi hii: kikundi cha watu saba au wanane kinakodi gari, kinaingia shule mbili kwa siku na kuwaigizia watahiniwa tamthilia wanayoisomea mtihani wa KCSE. Mwaka wa 2006 tulizunguka Butere, Chavakali, Bondo, Oyugis. Jukwaa ni bwalo la chakula, maikrofoni hakuna, na mbele yako wameketi wasichana mia sita walioamka saa kumi alfajiri. Sauti yako isipomfikia mpishi aliyesimama kwenye mlango wa nyuma, umewapoteza. Mwenzako akiugua malaria mjini Kakamega, wewe unabeba nafasi yake na yako, unabadilisha leso nyuma ya pazia na kurudi ukiwa mtu mwingine. Sijaona chuo kinachofundisha haraka hivyo. Mdogo wangu, kama kikundi cha aina hiyo kipo karibu nawe, kiingie kabla ya kufikiria Nairobi. Walio Nakuru wana Nakuru Players Theatre. Walio Kisumu waulize katika jumba la Mama Grace Onyango ni akina nani wanaofanya mazoezi pale. Walio vyuoni wana tamasha za kitaifa za drama, na wasizidharau.

Jukwaa hata hivyo lina tabia ambazo kamera haizitaki. Siku yangu ya kwanza mbele ya kamera nilipewa barua ya hospitali nisome kimya, basi. Nilikodoa macho, nikashika kifua, nikahema kama vile bwalo zima la Butere linanitazama. Tulirudia mara tisa. Kijana aliyeshika maikrofoni alinikaribia, akachukua ile karatasi, akaigeuza. Ilikuwa tupu. Akachomoa kalamu mfukoni, akaandika mistari miwili kwa mkono, akanirudishia bila kusema neno. Mwongozaji alipotoa ishara niliisoma. Alikuwa ameandika kwamba mtoto hatapona. Walichukua picha mara moja tu na tukahamia onyesho lingine. Tangu siku hiyo, nikipewa barua, simu au cheti kwenye seti, naomba kiandikwe kitu cha kweli, na kama hakuna wa kuandika naandika mwenyewe.

Siku hizi odisheni ya kwanza mara nyingi ni video unayojirekodi kwa simu. Simama ukielekea dirisha, ukuta wa nyuma usiwe na kalenda wala vitambaa, simu iwekwe kwa upana, na mtu mwingine akusomee maneno ya upande wa pili. Kisumu rekodi asubuhi. Alasiri mvua ikishapiga mabati hakuna atakayekusikia.

Nije kwenye nguo, kwa sababu ndiyo biashara yangu na imenifaa kuliko nilivyotarajia. Utayarishaji mdogo hauna kitengo cha mavazi. Utaambiwa uje na nguo zako tatu nne. Usibebe nyeupe, inamulika. Usibebe yenye mistari myembamba iliyobanana, kwenye kioo cha TV inacheza kama maji. Na nguo ukishaivaa mbele ya kamera si yako tena mpaka kazi iishe. Hili nililijua kwa uchungu. Tulirekodi nikiingia mlangoni Jumatatu, na sehemu ya ndani ya nyumba ikapangwa Ijumaa. Katikati ya wiki nililifua gauni, nikalianika juani na kulipiga pasi, nikidhani ni heshima kwa kazi. Ijumaa rangi ilikuwa imepauka na mkunjo wa begani haupo. Kwenye hadithi nilikuwa nimevuka kizingiti tu. Binti aliyeshughulikia mwendelezo, yaani nguo na vitu vifanane toka onyesho hadi onyesho, alitazama picha zake, akanitazama mimi, na onyesho la Jumatatu likarudiwa. Watu kumi na wanne walipoteza nusu siku. Niliomba radhi kwa kila mmoja wao.

Sasa lafudhi. Nilipoanza kutafuta kazi Nairobi, mtu mmoja mwenye uwezo wa kuajiri aliniambia kwamba kwa Kiswahili changu nitafaa kuwa yaya, na nisijisumbue na nafasi nyingine. Dada zangu wa Vihiga na Bungoma wameambiwa hayo hayo. Kwenye vipindi mlinzi ni Mluhya, yaya anatoka ziwani, na wote wawili wapo ili wachekwe. Jambo hili linaniudhi hadi leo. Lafudhi ni chombo cha kazi. Benson Wanjau, aliyetuvunja mbavu kwa miaka mingi akiwa Mzee Ojwang' mpaka alipofariki 2015, alizungumza kama mzee wa kwetu kabisa, na hakuwa Mjaluo, alikuwa Mkikuyu. Kama yeye aliweza kuichukua yetu kwa bidii namna ile, nasi tunaweza kuzichukua nyingine bila kuitupa tuliyozaliwa nayo. Nilisoma gazeti la Taifa Leo kwa sauti kila jioni kwa mwaka mzima, nikizihangaikia "shule" na "sule", "shamba" na "samba". Leo naweza kuwa wakili wa Mombasa, na bado naweza kuwa mama wa mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu akihitajika. Yaya pia nimekubali kumwigiza, akiwa na jina, na akiwa na jambo analolitaka katika hadithi. Yaya wa kuanguka na sinia ili watu wacheke nimemkataa mara nne.

Mkataba wangu wa kwanza niliusaini juu ya boneti ya gari, kwa kalamu ya kuazima, dereva akipiga honi. Sikuusoma. Ulisema kwamba naachilia sura na sauti yangu milele, duniani kote, kwa njia zote zilizopo na zitakazovumbuliwa. Nililipwa shilingi 12,000, mara moja. Miaka sita baadaye nilikuwa kwenye basi la usiku kutoka Nairobi, nikajiona kwenye TV ya basi, abiria wakinicheka pale palipostahili kuchekwa, na mfukoni nilikuwa na nauli ya bodaboda tu. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa mwigizaji haki juu ya uigizaji wake, usirekodiwe wala kurushwa bila idhini. Idhini yenyewe ni ile saini. Kwa hiyo uliza kabla ya kalamu kugusa karatasi. Ni siku ngapi, na saa ngapi kwa siku? Nauli na malazi ni juu ya nani? Pesa zitaingia tarehe gani? Usikubali "baada ya kipindi kuruka hewani", maana kipindi kinaweza kukaa kabatini miaka miwili. Wakiahirisha, unalipwa nini? Wataitumia picha kwa miaka mingapi? Unazuiwa kuigiza kwingine? Na ukiona malipo yamepungua kwa asilimia 5 usikimbilie kugombana, hiyo ni kodi ya zuio, anayekulipa huikata na kuipeleka kwa mamlaka ya ushuru, KRA. Omba cheti chake, kitakufaa ukijaza fomu za KRA.

Lililobaki ni gumu kuliandika. Mwaka wangu wa nne nilichaguliwa kwa nafasi kubwa, maonyesho 26. Siku moja kabla ya kusaini, mtayarishaji alinipigia saa tatu usiku. Akasema nipande chumbani kwake hotelini tupitie mswada, na kwamba wenzangu walishapanda. Nilikuwa kwa binamu yangu, mtaa wa Umoja, Nairobi, nimelala sebuleni na begi langu. Nilimwambia nitaupitia naye asubuhi, ofisini, mbele ya mwongozaji. Akakata simu. Asubuhi nafasi ilikuwa ya mtu mwingine.

Niliweza kukata shauri lile kwa sababu Kisumu kulikuwa na belo la magauni lisilofunguliwa, na mama alikuwa amenishikia kibanda. Nilipanda basi, nikalifungua, nikachambua kamera, kama tunavyoziita zile za kwanza kuchaguliwa, na kwa miezi minane simu ya kazi haikulia. Sitakudanganya kwamba kukataa hakuna gharama. Ila mwenye deni la kodi ya nyumba ya miezi mitatu mjini asikokuwa na ndugu ana nguvu ndogo sana saa tatu usiku, na watu wa aina ile wanalijua hilo. Ndiyo maana nakuambia uwe na kazi nyingine inayokulisha: kusuka, kushona, kufundisha, kuuza omena, yoyote.

Likikupata, kosa si lako, hata kama ulipanda ngazi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamgusa pia mwenye mamlaka anayekunyanyasa. FIDA Kenya wana ofisi hapa Kisumu na huwasaidia wanawake katika mambo ya sheria. Namba 1195, ya kuripoti dhuluma za kijinsia, hupigwa bure. Weka ujumbe wote wa simu, usifute hata unaokutia aibu. Na kabla ya kusafiri kurekodi mahali pa mbali, uliza leseni ya kurekodi iko wapi, kwa kuwa Sura ya 222 ya sheria zetu, ile ya filamu na michezo ya jukwaani, inaidai. Mwenye kazi halali atakuonyesha.

Mwezi uliopita alikuja binti wa Kondele, si wa kugeuza nguo. Alikuwa na bahasha. Tuliketi juu ya belo tukausoma mkataba wake kurasa zote tano, wateja wakisubiri. Kwenye ukurasa wa nne palikuwa na lile neno, milele. Nilimwambia apige simu mwenyewe, aombe miaka mitano. Alitetemeka, akapiga, akaongea vizuri kuliko mimi nilivyowahi. Wakamwambia watamrudia. Alibaki akinisaidia kukunja magauni mpaka jua likazama, na siku ile hawakumrudia.

Jumatano waliutuma mkataba upya. Miaka mitano, malipo yale yale. Alhamisi usiku alipanda basi, na begini ana gauni langu la samawati la maua, ambalo nimemwagiza asilifue mpaka siku ya mwisho ya kurekodi.