Feni inazunguka, kioo cheusi: majibu kwa wasomaji wa Tanga

Kila masika swali hili huzidi. Umeme unakatika na kurudi, na unyevu wa hewa ya bahari unapenya hadi ndani ya boksi la kompyuta. Leo najibu waliouliza kuhusu kompyuta ya mezani inayowaka bila kuonyesha kitu.

*Shikamoo fundi. Nina steshenari hapa Chumbageni. Juzi umeme ulikatika na kurudi mara tatu kwa mfululizo. Tangu hapo nikiwasha, feni inazunguka na taa ya CPU, yaani boksi la kompyuta, inawaka, ila kioo ni cheusi. Fundi aliyekuja anasema diski imekufa, aichukue akaifomati. Nimpe?*

Marahaba, dada yangu. Usimpe. Kompyuta ikiwashwa hujikagua kwanza: inatazama RAM, kile kibao cha kumbukumbu ya muda, inatazama sehemu ya picha, inaonyesha nembo ya kampuni iliyoitengeneza, ndipo inakwenda kuitafuta diski. Diski ikiwa imekufa, kwa kawaida ungeiona ile nembo, kisha maandishi ya kulalamika kwamba mfumo haupatikani. Wewe huoni hata nembo. Mashine imekwama kabla ya kufika kwenye diski, na kazi za wateja wako yamkini zimo humo salama.

Nalisema hili kwa uchungu. Aliwahi kuja kwangu mama muuza vitenge, hesabu zake za miaka minne zimefutwa namna hiyo hiyo. Diski ilichomolewa, ikafomatiwa kwenye mashine nyingine, ikarudishwa, na kioo kikabaki cheusi vilevile. Mimi nilitoa RAM, nikaisafisha, nikairudisha. Kompyuta ikawaka. Hesabu hazikurudi.

Basi anza hivi. Chomoa ule waya wa picha nyuma ya CPU, monita uiache ikiwa imewashwa. Ikiandika kwamba haipati mawasiliano, monita ni mzima, tatizo liko kwenye waya au kwenye mashine. Angalia pia umeuchomeka wapi. Kama CPU yako ina kadi ya picha ya ziada, ile yenye matundu yake peke yake upande wa chini, waya unatakiwa uwe pale. Wengi wakishafagia chini ya meza huurudisha kwenye tundu la juu, na kwenye mashine nyingi tundu hilo huwa halitoi picha kadi ikiwepo.

Kisha chomoa waya wa umeme ukutani na ushikilie kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe. Rudisha, washa. Baada ya umeme kurukaruka kama ulivyoeleza, nimeona mashine nyingi zikipona kwa hatua hii tu.

Isipopona, nenda kwenye RAM. Hakikisha waya wa umeme umechomolewa, na gusa bati la boksi kwanza, maana umeme tuli wa mwilini unaweza kuua RAM bila wewe kuhisi chochote. Fungua vishikizo, toa kile kibao, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa vumbi la kifutio, kisha kandamiza pande zote mbili hadi vishikizo vijifunge vyenyewe. Kama zipo RAM mbili, jaribu moja moja, na kila moja uijaribu katika kila tundu. Sisi wa pwani meno hayo hushika utando wa unyevu na chumvi, mguso unapotea, na mashine huona kama haina RAM kabisa.

Na siku umeme ukikatika, chomoa kabisa. Ukirudi, subiri dakika chache utulie ndipo uchomeke.

*Mimi ni mwalimu, Pongwe. Yangu haionyeshi kitu lakini inalia pi, pi, pi. Ndiyo inakufa?*

Hapana, mwalimu, inakueleza inapoumwa. Hesabu milio, andika mirefu mingapi na mifupi mingapi, kisha tafuta maana yake kwa jina la kampuni iliyotengeneza mazabodi, yaani ile bodi kuu ya ndani, kwani kila moja ina lugha yake. Mlio mrefu unaojirudia bila kukoma mara nyingi ni RAM. Mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi, kwenye mashine nyingi za zamani, ni kadi ya picha.

Yupo msomaji mwingine ambaye yake iko kimya kabisa. Ndugu, toa RAM zote makusudi, uwashe. Ikilia, mazabodi na prosesa, ubongo wa kompyuta, zina uhai. Ikiendelea kunyamaza, hakikisha kwanza kwamba ina spika ndogo ya ndani, kwa sababu nyingi za siku hizi huja bila hiyo. Kama ipo na bado kimya, hapo mwite fundi mwenye kifaa cha kupimia umeme.

*Nimestaafu, naishi Raskazone. Kioo changu huonyesha picha sekunde mbili, halafu giza. Nikikisogelea usiku naona kama kivuli cha maandishi.*

Shikamoo mzee wangu. CPU yako haina neno. Mulika kioo kwa tochi kwa pembeni: ukiona picha hafifu, ni taa ya nyuma ya monita iliyokufa au kile kinachoilisha umeme. Kama televisheni ya nyumbani ina tundu la HDMI na CPU yako pia inalo, iunganishe hapo uendelee na kazi huku monita ikitafutiwa dawa.

*Ndugu yangu ameniletea kompyuta ya mezani kutoka Marekani. Nichomeke tu? — Sahare*

Subiri! Nafurahi umeuliza kabla. Geuza CPU, tazama pale waya wa umeme unapoingia. Ukiona swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, imeandikwa 115 na 230, isukume ionyeshe 230. Marekani wanatumia volti 120, sisi volti 230. Ukiichomeka ikiwa kwenye 115 utasikia mpasuko na harufu ya kuungua, na mara nyingine pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, huondoka na mazabodi pia. Kama hakuna swichi, soma karatasi iliyobandikwa hapo: ikiandikwa 100–240, inajirekebisha yenyewe. Waya wenye pini za Kimarekani uache, nunua wa hapa wenye pini tatu za mraba. Na pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe, hata ikiwa imechomolewa. Ndani yake hubaki umeme wa kukuumiza.

*Mimi nembo ya Windows naiona vizuri, halafu kioo kinabaki cheusi na mshale mweupe tu. Mtihani wiki ijayo! — Mwanafunzi, Makorora*

Pole mdogo wangu. Wako ni ugonjwa wa programu, usifungue boksi. Bonyeza pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Kioo kitapepesa na huenda picha ikarudi. Ikishindikana, izime kwa kushikilia kitufe mara tu nembo inapotokea. Ukifanya hivyo mara tatu, Windows 10 au 11 kwa kawaida itafungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo chagua kuwasha kwa hali salama, uondoe programu au draiva (programu inayoendesha kifaa) uliyoweka mwisho. Ukifika tu, nakili masomo yako kwenye flashi kabla ya jambo lingine lolote.

*Saa yangu inarudi miaka ya nyuma kila umeme ukikatika, na siku nyingine haionyeshi picha hadi niiwashe mara mbili. — Duga*

Betri ya mazabodi imechoka. Ni ile ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Chomoa umeme, itoe, weka mpya yenye namba hiyo hiyo, upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu kama ile ya zamani ilivyokuwa. Ukiwasha, mashine itakuomba tarehe.