Leo sio siku yangu

KWA MAMA MDOGO: maswali ya wasomaji

SWALI: Shikamoo mama mdogo, pole na majukumu. Mi ni Mama Doreen, naishi Mbagala Rangi Tatu na mume wangu Eddy, ndoa yetu ina miaka 12 na watoto watatu. Yeye Mchagga wa Kibosho mi Mpare wa Usangi, kwahiyo ndani utani hauishi, akikuta nimepika makande anasema haya Wapare wameshafungua kesi, na mi nikimkuta anahesabu hela namwambia wewe hata ukilala unaota noti.

Mume wangu fundi selemala, kijiwe chake kipo Keko. Anaamka saa kumi na moja alfajiri ila mi nakuwa nimeshaamka zamani nakaanga maandazi ya biashara, na kabla hajaondoka lazima anibebee beseni mpaka kibarazani, sijawahi kumwomba na hajawahi kuacha hata siku tukiwa tumenuniana. Jioni anarudi ana vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, akitoka kuoga taulo bichi analitupa kitandani, hapo nimesema mpaka mdomo umechoka. Luku ananunua yeye, maji nalipa mimi, ada tunachangia. Sio mwanaume wa kusema nakupenda mke wangu, ila nilipojifungua Doreen alinipikia mtori wiki tatu mfululizo kwa mkono wake na akitoka hapo anaenda kazini.

Sasa mama mdogo, miaka yote hiyo hatujawahi kumfanyia bethdei. Watoto tunawafanyia, hata mimi siku yangu ananiletea kuku nusu na soda. Ya kwake nikiuliza anasema achana nayo. Mwaka huu nikasema siachani nayo. Nikachungulia kitambulisho chake cha NIDA, tarehe 1 Julai 1984, basi nikatoa hela kikoba, keki kilo mbili elfu sabini, soda kreti mbili, pilau nikapika mwenyewe, nikaongea na vijana wake kijiweni waandae maji ya kumwagia kama kawaida ya bethdei.

Saa tisa hiyo tukaingia mi na watoto na wifi yangu tunaimba, vijana wakammwagia ndoo tatu. Kumbe nyuma yake kuna kitanda cha mninga kimepigwa vanishi mchana huohuo na mteja anakuja kukichukua jioni. Maji yakaruka yote pale, vanishi ikapiga weupe kama mtu kamwagia maziwa. Akasimama anatiririka, hakucheka hakufoka, akaangalia kitanda, akaangalia keki, akasema tu "Mama Dori, leo sio siku yangu." Mi nikajua anasema mkosi wa kitanda. Tukakata keki tukalishana kwa vijiti lakini raha haikuwepo, wifi anatafuna anaangalia chini, kumbe na yeye anajua.

Usiku ndo kanifungukia. Ile tarehe aliandikiwa na karani wakati anaandikishwa shule, baba yake aliyempeleka alikuwa anajua mwaka tu. Mama yake ndo anajua, anasema alimzaa wiki aliyokufa Sokoine, kabla ya Jumapili ya Matawi, na kila mwaka mwezi wa nne anampigia simu usiku wanaongea hiyo habari. Mama mdogo niliishiwa nguvu. Maana hiyo simu naijua! Kila mwaka kuna siku moja inaita usiku, anatoka nje anakaa kwenye ngazi nusu saa nzima anaongea Kichagga kwa sauti ya chini, af akiingia ndani uso umelainika. Niliwahi hadi kumpekua, nikakuta namba siijui, nikajua tu kuna mtu huko kwao aliachana nae vibaya. Kumbe ni mama mkwe, anapigia kwa simu ya jirani!

Sasa nauliza, nishike tarehe ipi, ya NIDA au ya mama yake? Na je nina haki ya kuumia? Miaka 12 mtu anakuficha siku aliyozaliwa, nikimwangalia naona kama kuna chumba ndani ya nyumba yangu sijawahi kuingia.

JIBU: Marahaba mwanangu Mama Doreen. Barua yako niliisoma nikacheka, nikaiweka, nikaichukua tena nikaacha kucheka.

Ngoja kwanza nikuulize, Eddy ni kifupi cha nini? Sitaki kubahatisha ila kama kwenye cheti cha ubatizo kuna Edward basi siku yake ya kuzaliwa umekuwa ukiiita kila asubuhi miaka 12 bila kujua. Sokoine jina lake Edward Moringe. Alikuwa Waziri Mkuu, akafa Alhamisi tarehe 12 Aprili 1984 kwa ajali ya gari pale Dakawa, Morogoro, akitokea Dodoma bungeni anakuja Dar. Nyerere mwenyewe ndiye aliyetangaza redioni. Mimi nilikuwa binti mkubwa tu, nakumbuka kwa jirani watu wamejazana kibarazani kusikiliza, redio ikaisha watu wakabaki wamesimama hivyo hivyo, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Sasa mchukue mama mkwe wako, mja mzito wa siku zake, masika ya Kibosho tope mpaka kwenye mashavu ya miguu, ndiyo habari anayoisikia wakati uchungu unamnyemelea. Na usisahau mwaka ule maduka yalikuwa yamekauka, sabuni foleni, sukari foleni, khanga ukiipata unaificha. Huyo mtoto anaweza kuwa alifungwa kwenye khanga kuukuu ya bibi yake. Mama wa namna hiyo hawezi kusahau, na hakuhitaji karani amkumbushe.

Ndivyo wazee wetu walivyohesabu. Mama yangu aliniambia nimezaliwa mwaka wa Azimio la Arusha, vuli imeanza, basi. Kaka yangu ni wa mwaka wa Uhuru. Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa askari wanarudi kutoka vita ya Kagera, na mpaka leo ukimuuliza bethdei yake lini anaanza kukusimulia malori. Halafu tukaenda shule, karani anataka siku na mwezi, baba anakuna kichwa, karani ana watoto wengine 60 kwenye mstari, anaandika 1 Julai au 1 Januari maisha yanaendelea. Fungua vitambulisho vya watu wazima hapo mtaani kwenu uone wangapi walizaliwa pamoja na mwaka wa bajeti ya serikali.

Kwahiyo tarehe ya NIDA iache ilipo. Angalia namba yenyewe ya mumeo, zile tarakimu nane za mwanzo ni 19840701, yaani siku ya kuzaliwa imeshonwa ndani ya namba, na laini ya simu, TIN, akaunti ya benki vyote vimeshikana hapo. Kuanza kubadilisha ni mlolongo wa viapo na nenda rudi kwa kitu ambacho hakijamzuia mtu kuchonga kitanda. Hiyo ni tarehe ya ofisini, atumie ofisini. Keki haiulizwi kitambulisho.

Ya nyumbani sasa. Sokoine kafa Alhamisi tarehe 12, na Jumapili ya Matawi mwaka ule ilikuwa tarehe 15, Pasaka ikawa 22. Redio ilitangaza jioni, kwahiyo kama mama anasema habari imeshasikika na Matawi bado, imebaki Ijumaa 13 au Jumamosi 14, hakuna pengine. Ukitaka kujua zaidi kuna njia mbili. Wakatoliki wanapobatiza mtoto wanaandika kwenye kitabu cha parokia jina, wazazi, msimamizi na siku aliyozaliwa, na vitabu vile havitupwi, basi mpigie katekista wa kwao umuombe vizuri. Njia ya pili ni kumuuliza mama mkwe. Na hapa mwanangu nakusema kidogo: mmekuwa mkipanda Kibosho Krismasi na Wachagga wenzenu wote, umekaa jikoni na huyo mama unamenya ndizi, miaka 12 hujawahi kumuuliza mwanao ulimzaaje? Hilo swali mama mkwe yeyote akiulizwa anaacha kisu anakaa vizuri.

Kuumia una haki, siwezi kukwambia usiumie. Ila kuficha ni neno kubwa. Huyu mtu hana bethdei ya keki, ana hadithi, na hadithi yenyewe mwenye nayo ni mama yake, yeye anaisikiliza tu. Angeanzia wapi kukueleza, mwezi wa nne mna mafuriko Mbagala na ada ya muhula, aseme mke wangu mama kanipigia kunisimulia nilivyozaliwa? Mwanaume anayesema nakupenda kwa kubeba beseni la maandazi hawezi kusema hilo. Kingine, ungemuuliza siku moja tu ulikuwa unaongea na nani nje, ungeshajua mwaka wa kwanza. Badala yake ukapekua simu. Wapare na kesi! (Mimi mtani wenu pia usikasirike.)

Nikuambie ningefanyaje. Ile simu nisingeigusa. Nusu saa ile kwenye ngazi ni ya watu wawili, waachie. Ila mwezi wa nne ukifika, kabla mama hajapiga, mpigie wewe mchana, useme mama hongera kwa siku ya leo, maana siku ile aliyefanya kazi ni yeye, mumeo alilia tu. Mtumie doti mbili za khanga kwa basi, nzuri, za pamba, zisiwe zile nyepesi, yeye ataelewa zinalipa nini bila kuandika barua. Jioni pika mtori. Usiniulize kwanini, wewe mwenyewe umeniambia alikupikia wiki tatu, na mama yake alikunywa huohuo akiwa na yeye kifuani. Keki ukitaka iweke, watoto wanapenda, ila ndogo. Mambo ya kreti mbili na pilau subiri afike 50, halafu umchomee ndafu, maana Mchagga kumpa sherehe kubwa bila mbuzi mzima mezani ndiyo hiyo wifi anatafuna anaangalia chini.

Na maji mwagieni uani. Huko kijiweni waambie vijana marufuku, na ile vanishi muulize ilimgharimu kiasi gani kuirudia, toa nusu kikoba. Najua atakataa hela. Mpe hivyo hivyo.

MAMA DOREEN TENA: Mama mdogo shikamoo, nimerudi na majibu. Ni Edward kweli, nilienda kwenye sanduku nikakuta cheti kimeandikwa hivyo nikakaa chini. Nusu ya vanishi kakataa kama ulivyosema, nikaiweka kwenye mfuko wa ovaroli, jioni akarudi na kamba mpya za kuanikia nguo na kuanzia juzi taulo linaanikwa, ila sijasema kitu naogopa kuharibu.

Mama mkwe sikusubiri mwezi wa nne, nilimpigia Jumapili baada ya misa. Tumeongea mpaka chaji ya jirani ikaisha. Khanga ilikuwa kuukuu kweli, ila sio ya bibi, ni ya kwake aliyoolewa nayo, na anayo mpaka leo. Kaniambia nikija Desemba atanionyesha.

Ila sasa limezuka lingine. Katekista kaangalia kitabu cha ubatizo kanitumia picha, imeandikwa kwa wino kabisa kazaliwa 13 Aprili. Nimemwambia mama mkwe, amekataa katakata! Anasema ilikuwa Jumamosi, siku aliyokuwa aende sokoni na ndizi zake zikaivia ndani, na aliyetaja tarehe kwa padri ni baba mkwe ambaye siku ya ubatizo alishapitia mbege asubuhi. Eddy anacheka tu hataki kuamua. Tushike kitabu au tushike mama?

JIBU: Jumamosi, 14. Baba mkwe na padri hawakuwepo chumbani.