Fumbo dogo, kichwa kiume

Dada, umeuliza fumbo la kutafuta maneno la 6 kwa 6 litawezaje kuwa gumu. Maneno yaazimane herufi. Juzi hapa Tanga niliwachorea wapwa zangu: MKONGE nikaulaza mstari wa nne, AMBONI nikaisimamisha safu ya tatu, yakakutana kwenye O. TANGA ikaanzia safu ya pili mstari wa juu, ikaazima A ya AMBONI. Maneno 3, visanduku 15 tu; vinabaki 21, na hapo ndipo penye kazi! Usijaze Q wala X, Kiswahili hakizitumii, jicho linazibagua mara moja. Jaza M, K, A, N, tena tegesha MKO za uongo pembeni, zifanane na mwanzo wa MKONGE. Ukimaliza soma pande zote, usije ukaacha KAA au NANE bila kukusudia.