Brashi nyekundu ya Texas na ukoo wake

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni mzaliwa wa Sengerema, sasa naishi Fort Worth, Texas. Ikifika Aprili, kando ya barabara huku hujaa ua fupi jekundu ambalo wenyeji huliita brashi ya rangi. Nililing'oa moja pamoja na udongo wake, nikalipanda kwenye chungu na kulimwagilia vizuri, lakini likanyauka. Shida ni nini? Na je, naweza kumtumia mama mbegu apande nyumbani?
Msomaji, Fort Worth

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenifurahisha, maana ua hilo ni ndugu wa mmea unaoujua tangu utotoni.

Kitaalamu linaitwa Castilleja. Hapo ulipo watu huchanganya aina mbili, kwa hiyo kagua majani ya shina. Yakiwa membamba na mazima, hiyo ni Castilleja indivisa, mmea wa msimu mmoja. Yakiwa yamechanika vidolevidole, na rangi ni zambarau, waridi au chungwa, ni Castilleja purpurea, inayodumu miaka na kupenda ardhi ya chokaa. Kwa maelezo yako naona ni ile ya kwanza. Hebu fumbua ule wekundu kwa ukucha: si petali, ni vijijani vilivyokolea rangi nchani. Ua lenyewe ni kimrija chembamba cha kijani kilichopauka, kimejificha katikati.

Sasa kifo chake. Mmea huo hushika mizizi ya jirani na kunyonya maji na madini. Ulipoung'oa, uliukata na mlezi wake; maji uliyomwaga hayakuziba pengo hilo. Ni wa familia moja na kiduha. Ndiyo, kiduha kile kile cha kwenye mahindi! Nimefanya kazi Kanda ya Ziwa, nimeona mama analia mbele ya mahindi yaliyodumaa, huku kile kiua cha zambarau kimesimama kizuri kando ya shina. Kiduha hunyonya kikiwa bado chini ya ardhi, na mbegu yake haiamki mpaka ihisi mzizi wa mmea wa kunyonya. Brashi haina ukatili huo. Huota yenyewe, majani yake ya kijani hujitengenezea chakula, na nyasi inazonyonya huendelea kuishi.

Kwa hiyo usichimbe tena barabarani, nunua mbegu. Panda Septemba hadi Novemba, mahali penye jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji. Mbegu ni ndogo kama vumbi: changanya na mchanga mkavu, tawanya, kisha kanyagia. Usizifukie, na mbolea usiweke. La muhimu kuliko yote ni jirani. Panda pamoja na nyasi za asili ya huko, au na lupini ya buluu ya Texas, mmea wa jamii ya kunde. Mimi ningechagua lupini. Mtafiti Lynn Adler alionyesha mwaka 2000 kwamba Castilleja indivisa iliyonyonya lupini chungu ilichukua na ule uchungu wake, wadudu wakaila kidogo na ikazaa mbegu nyingi zaidi. Wakati wa baridi utaona vijimche vidogo tu vimelala chini. Usivipalilie ukidhani ni magugu. Maua yakiisha, usifyeke mpaka vifuko vya mbegu vikauke na kupasuka, ndipo mwakani utaona tena.

Kuhusu mama: hapana, mwanangu, tafadhali. Mbegu kuingia nchini zinahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, na mimi sitaki mmea mgeni unaonyonya mizizi karibu na mahindi ya Sengerema. Marekani wenyewe walionja: mwaka 1956 kiduha kiligunduliwa kwenye mahindi ya Carolina Kaskazini na Kusini, na serikali yao imekipiga vita kwa miongo mingi.

Mama atafute Scadoxus multiflorus, mmea wa asili ya huku huku, wenye tufe la nyuzi nyekundu linalochomoza mvua zinapoanza. Apande kitunguu chake penye kivuli chepesi, shingo ikiwa usawa wa ardhi, na asimwagilie kikiwa kimelala kiangazi. Kina sumu, kwa hiyo akipande mbali na mbuzi na wajukuu.