Muulize Mzee wa Ghala: Viroba 14 vya nguo sebuleni kwa katibu

Barua za mwezi huu karibu zote ni za namna moja. Watu wana vitu, wanataka viwafikie waliokumbwa na maafa. Mimi nimetumikia ghala maisha yangu yote ya kazi, na tangu nistaafu huitwa kwenda kusaidia kupokea mizigo kila panapotokea la kutokea. Kwa hiyo najibu kama mpokeaji. Nikiwa mkali, nivumilieni.

*Mzee wa Ghala, shikamoo. Sisi ni kikundi cha akina mama wa kuweka na kukopa hapa Kibaha. Mwaka 2024 mafuriko yalipopiga Rufiji na Kibiti tulibaki tunatazama kwenye simu, hatukuwa tumejiandaa. Safari hii tukasema tuanze mapema. Tumekusanya nguo kwa wanachama na majirani, na sasa viroba 14 vimejaa sebuleni kwa katibu wetu, mumewe analalamika. Kuna nguo za watoto, magauni, suti za zamani za waume zetu na viatu. Tuvitunze mpaka maafa yatokee, au tuvipeleke wapi? – Mweka hazina, Kibaha*

Marahaba, mwanangu. Mume wa katibu msimlaumu.

Msivitunze. Kiroba kikifungwa na kukaa miezi kwenye joto la Pwani, siku ya kukifungua mtakuta ukungu na vinyesi vya panya, na hakuna mama atakayemvika mwanawe hizo. Vifungueni wiki hii.

Ila kwanza jueni kiroba chenu kinakwenda kukutana na nini. Fuso hufika usiku, na mara nyingi hufika shuleni, maana ndiko watu wanakohifadhiwa. Tope la Mlima Hanang liliposhuka Katesh na vijiji vya jirani alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, likaua watu zaidi ya 80, madarasa yaligeuka mabweni. Darasa moja likifanywa stoo, familia zilizokuwa zilale humo zinabanana darasa la pili. Sasa ije gari ya nguo mchanganyiko itangulie gari ya unga. Nguo zinalala darasani, unga unalala nje chini ya turubai, mvua inanyesha. Asubuhi vijana wa kujitolea ambao wangechota maji au kubeba wazee wanakaa chini kuchambua. Hii ya kike, hii ya kiume, hii imechanika, hii sijui ni nini. Mimi kwa mikono yangu nimetoa kwenye viroba gauni la harusi na shela lake, makoti ya suti yasiyo na suruali, sweta za shule zenye nembo, na furushi la viatu vya mguu wa kushoto vitupu. Vya kulia sijui vilipelekwa wilaya gani.

Kwa hiyo chambueni nyinyi, huko huko sebuleni, mkiwa mmekaa na chai. Nguo ambayo ungempa mdogo wako aivae kwenda kliniki, iweke kushoto. Iliyo nzuri lakini haina kazi kambini, kama suti na magauni ya sherehe, iweke kulia. Iliyochakaa ni dasta. Za kushoto zifueni, zikaushwe jua kali. Za kulia pelekeni gulioni mkauze, na fedha hiyo iingie kwenye daftari lako, mweka hazina, kwa jina lake yenyewe. Nakuhakikishia fedha ya suti tatu za mume wa katibu itamfaa mtu kambini kuliko suti zenyewe.

Za kushoto, kila kiroba kiwe na kitu cha aina moja. Andikeni ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, pande mbili, kwa sababu upande mmoja lazima utaegemezwa ukutani: WASICHANA MIAKA 3–5, VIPANDE 40. Idadi iwe ya kweli. Ndani wekeni karatasi yenye maneno hayo hayo, na nakala ibaki kwenu. Mtunza stoo akikuta mzigo wa namna hiyo anaugawa bila kuufungua mara mbili. Usiku wa manane, hiyo ni zawadi kwake.

Na fedha ya gulioni mnunue nini? Hapo ndipo wengi hukosea, wananunua kabla ya kuuliza. Maafa hayafanani. Katesh iko chini ya mlima, usiku wake una baridi ya kung'ata, na tope lilichukua nyumba pamoja na kila kilichokuwemo. Mablanketi mazito, sweta na sufuria vilihitajika tangu siku ya kwanza. Rufiji ni joto, na maji yakituama mbu wanajaa. Ukimpelekea mtu wa Muhoro, huko huko Rufiji, blanketi la Katesh atalitandika chini alilalie, wakati alichohitaji ni chandarua. Bukoba nako, tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipasua kuta hata za shule kongwe za Ihungo na Nyakato, lakini migomba ilibaki imesimama na ndizi zake. Watu walilala uani wakiogopa kurudi ndani. Walitaka maturubai, baadaye mabati na saruji.

Vipo vitu ambavyo sijawahi kuona vikikataliwa popote. Ndoo yenye kifuniko ni cha kwanza. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada duniani huvifuata, vinasema mtu mmoja apate angalau lita 15 za maji kwa siku, ya kunywa, kupikia na kuoga. Familia ya watu watano ni lita 75, yaani karibu ndoo nne kubwa kila siku. Nyumba iliyosombwa imekwenda na ndoo zake, kwa hiyo hata boza la maji likija, atakingia nini? Mpe mbili, moja ya kuchotea, moja ya kuhifadhia. Halafu sabuni. Viwango hivyo hivyo vinahesabu gramu 250 za kuogea na 200 za kufulia kwa kila mtu kwa mwezi. Kanga nayo haikosi kazi: ni nguo, ni shuka, ni mbeleko, ni pazia la kujisitiri darasani penye familia sita.

*Mzee, nimesoma majibu yako ya nyuma, naona unawakatisha watu tamaa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Aliyepoteza kila kitu anachagua? – Mkweli Daima, Tabora*

Anachagua, ndiyo. Nyumba yake imekwenda na maji, macho yake anayo. Na methali yako naikubali yote. Wahenga waliongelea moyo wa mtoaji, na mimi naangalia kilichomo kwenye kiroba. Asiye na utajiri alete mche mmoja wa sabuni, nitampokea kwa mikono miwili.

*Shikamoo Mzee. Mimi ni miongoni mwa tuliopokea misaada kule Hanang. Nashukuru sana waliotukumbuka. Nina ombi moja, na naona haya kulisema, ila bora niseme. Tuliletewa pedi nyingi lakini chupi hazikuwepo. Pedi bila chupi unaivaaje? Na waliokuwa wakigawa upande wetu walikuwa vijana wa kiume. Wengine tuliacha kwenda kupanga foleni. – Mama wa mapacha*

Marahaba, mama. Usione haya, wanaopaswa kuona haya ni sisi tuliosimamia ugawaji ule.

Akina mama wa Kibaha, someni hii mara mbili. Chupi mpya, za saizi tofauti, zikiwa bado na vibandiko vyake. Za mtumba hapana. Zifungeni pamoja na pedi, kipande cha sabuni na kanga kwenye mfuko usioonyesha ndani, mfuko mmoja kwa mwanamke mmoja, na mumwombe anayepokea mzigo kwamba mgawaji awe mwanamke. Hilo la mgawaji wa kike halina gharama yoyote na bado linasahaulika kila mwaka.

*Mzee wa Ghala, habari za kazi. Nina duka la dawa muhimu. Kuna dawa zangu zinakaribia muda wake kuisha, miezi mitatu au minne, na wateja wengine hunirudishia vidonge walivyobakiza. Naona ni dhambi kuvitupa wakati kuna watu kambini wanaumwa. Pia dada yangu ana makopo ya maziwa ya watoto. Tupeleke? – Mwenye duka, Morogoro*

Usipeleke. Hapa nitakaa kidogo, maana moyo wako ni mzuri na jambo lenyewe ni la hatari.

Shirika la Afya Duniani lina mwongozo kuhusu dawa za msaada, umeanza mwaka 1996. Unataka dawa iwe imeombwa au imekubaliwa na anayeipokea, iwe inatambulika kwenye nchi hiyo, na ikifika iwe na angalau mwaka mmoja kabla ya muda wake kwisha. Dawa zilizorudishwa na wagonjwa zimekatazwa kabisa, kwani hakuna ajuaye zilikaa wapi, juani au juu ya jiko. Mwongozo huo haukuandikwa bure, na hata baada ya kuandikwa watu hawakuufuata. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, jimbo la Aceh kule Indonesia lilipokea takribani tani 4,000 za dawa kwa watu kama milioni 2. Sehemu kubwa haikuwa kwenye orodha ya dawa muhimu za nchi ile, na nyingi ziliandikwa kwa lugha ambazo wahudumu wa pale hawakuzisoma. Mamia ya tani yakabaki ya kuteketezwa, na kuteketeza dawa kuna gharama yake: huwezi kuzichoma moto nyuma ya zahanati kama majani makavu. Waliofiwa ndio wakaachiwa na taka.

Dawa zako zinazokaribia kuisha zifuate utaratibu wa kawaida unaoufahamu, wa kuziharibu kwa kibali. Ukitaka kusaidia kwa taaluma yako, mpigie mganga mkuu wa wilaya husika umuulize amepungukiwa nini. Mara nyingi utasikia chumvi za kurudisha maji mwilini, glavu, au vidonge vya kutibu maji. Vile vya kawaida madukani, kimoja kinatibu ndoo ya lita 20 ya maji yasiyo na tope, na yanasubiriwa nusu saa kabla ya kunywewa. Nunua boksi jipya, upeleke na risiti.

Maziwa ya kopo ndiyo yanayoniumiza zaidi, kwa sababu kwa macho yanaonekana ni huruma tupu. Kopo linahitaji maji safi, moto wa kuchemshia chupa, na kopo jingine wiki ijayo. Kambini vyote vitatu havipo. Mama aliyekuwa ananyonyesha anapewa kopo, anapunguza kumweka mtoto titini, maziwa yake yanapungua, kopo linakwisha. Baada ya tetemeko la Yogyakarta la Mei 2006, huko huko Indonesia, ilipimwa ikaonekana kwamba watoto waliopewa maziwa ya msaada waliharisha karibu mara mbili ya wenzao ambao hawakupewa. Wapo watoto wanaoyahitaji kweli, kama yatima. Hao wahudumu wa afya huwatambua mmoja mmoja na kumfundisha mlezi. Dada yako amuulize mhudumu, asigawe mlangoni mwa hema.

*Nitajuaje kama mzigo wangu umefika na haujaishia dukani kwa mtu? Au nipeleke mwenyewe niwape mkononi? – Asiyetaja jina, Dodoma*

Swali la haki. Kwa sheria yetu ya menejimenti ya maafa ya mwaka 2022, kuna kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji. Ya wilaya inaongozwa na Mkuu wa Wilaya. Peleka huko, au Msalaba Mwekundu, ukiwa na orodha yako nakala mbili. Anayepokea ahesabu mbele yako, asaini, agonge muhuri, nakala moja uondoke nayo. Akikataa kuhesabu, ngoja. Mimi nilimkatalia dereva aliyetaka nisaini lori zima "kwa makadirio" ili awahi safari. Alikasirika sana, tukahesabu mpaka jua likachwa.

Kuwapa mkononi pembeni mwa barabara sikushauri. Watakaopata ni wenye mbio. Mjane mwenye mguu uliovunjika yuko ndani ya darasa, hakukuona hata ulipofika. Na kamera iache kwenye gari.

*Assalaam alaykum Mzee wetu. Sisi tuko Muscat, wengi asili yetu Unguja na Pemba. Kila nyumbani au bara kukitokea maafa tunataka kujaza kontena, nguo, vyombo, hata magodoro. Tunaambiwa tutume pesa tu, lakini watu hapa wanaona pesa haina baraka ya kitu. Unasemaje? – Wanajumuiya, Muscat*

Waalaykumu salaam. Baraka siwezi kuipima, gharama naweza.

Godoro ni hewa. Kontena la magodoro mnalipia nauli ya hewa kutoka Ghuba mpaka Dar es Salaam, halafu nyaraka, bandari, na lori hadi liliko tatizo. Likifika, waliokuwa wanalala chini wameshahamia kwa ndugu au wameanza kujenga. Wakati huo huo godoro lipo dukani mji wa jirani. Wakati wa Katesh, Babati na Singida zilikuwa karibu na maduka yake yalikuwa wazi. Fedha yenu ingenunua godoro asubuhi likalaliwa usiku, na muuza duka naye, ambaye huenda ana shemeji kambini, angepata riziki.

Kwa anayetaka kuona kitu kwa macho, fanyeni hivi. Tumeni fedha kwenye akaunti iliyotangazwa rasmi, si kwenye namba ya simu iliyozunguka na picha ya mtoto analia. Ombeni kwa kamati wakununulieni kitu kimoja mnachokijua, tuseme ndoo 600, na wawatumie risiti na hati ya mapokezi. Karatasi hizo bandikeni msikitini au kwenye ukumbi wenu. Kontena liwekeni kwa vitu visivyopatikana huku, kama mahema makubwa ya zahanati au mashine za kusafisha maji, na hata hayo yaombwe kwanza kwa maandishi. Mkishapata barua ya maombi, niandikieni tena niwaambie namna ya kuyapakia, maana mashine ya maji ikipakiwa chini ya mahema hufika imevunjika.